Siku Yenye Nilichomola Modem

Miye niko muntu wa hasira. Bana yangu banajua, bapangaji yangu banajua, hata bale ba ku bureau ya internet banajua, juu siku moya niliingia kwabo na kitambaa ya kichwa imelegea, nikapiga mukono ku meza mupaka bic, kalamu za fundi, zikaanguka chini. Nilibaambia: "Modem yangu iko inakufa-kufa, na mweye muko munakunywa chai!" Siku ile sikuwa na haya hata kidogo. Nilitoka kwabo nikijisifu, nikaelezea parcelle nzima, bote banaikala mu uwanja yetu, vile nilibanyoosha. Leo njo niko na haya.

Nyumba yetu iko ku Hewa Bora, huku Lubumbashi. Bwana yangu aliijengaka pale alikuwa angali anatumika ku mine, chumba moya-moya, na nyuma ya kufa kwake nikaongeza byumba tatu kule nyuma, nikaweka bapangaji. Mu chumba ya pili kulikuwa mama mushonaji na machine yake. Mu chumba ya mwisho alikuwa mwanaume moya wa kutoka Kivu ya kaskazini, mufanya biashara wa jumla. Alikuwa anauzisha maharagi, na samaki ya kukauka yenye ilikuwa inatoka Pweto na malori. Mukristu wa kweli, siku ya Mungu hakosi misa. Asubuyi anatoka na shemizi ya kupigwa pasi, mangaribi anarudi na harufu ya samaki yenye inafika paka kwa jirani. Nilikuwa namuchokoza: "Papa, kama unatafuta bibi, anza kwanza na sabuni." Anacheka mupaka anashika ukuta. Alikuwa ananiita Mama, na miye namuita papa, vile siye tunaitaka bana yetu.

Sasa, lazima nieleze mambo ya courant, ile umeme, juu bila ile hamutanielewa. Kwetu courant haiaminike. Inaenda pale inataka, na pale inarudi, inarudi na nguvu ya kuchoma bintu. Mwaka moya ilinichomea frigo na televizyo kwa dakika moya, siku moya, na nyama ya sikukuu ilikuwa mu ile frigo. Nililia sawa vile nimefiwa. Tangu pale nikaweka sheria mu parcelle: muntu wa kwanza kuona taa inacheza-cheza anapiga kelele "Chomola!", na kila muntu, hata kama iko anakula, hata kama iko anaomba, anakimbia kuchomola kila kintu chenye iko mu prise ya ukuta. Hata batoto badogo balikuwa banajua. Sheria ya pili: hakuna kuacha kintu mu prise kama hauko unaitumikisha. Modem vilevile. Tunaiweka pale tuko na kazi nayo, tukimaliza tunaitosha. Bapangaji balikuwa banacheka, banasema mama iko anaogopa courant kuliko shetani. Bacheke tu. Frigo yenye iliungua haikuwa ya kwabo.

Ile myaka inchi ilikuwa inapasuka. Kule Kivu vita ilikuwa imerudi na nguvu, mji kwa mji, na kila siku tunasikia jina ya fasi ingine yenye imeanguka. Huku Lubumbashi hakukuwa vita, lakini kulikuwa woga. Maduka inafungwa mbele ya saa, basoda, ma askari, banasimama ku njia-panda na kuuliza makaratasi, bantu banapanga foleni ya mafuta ya gari tangu asubuyi. Kisha siku moya internet ya ma telephone ikazimwa. Balisema ni juu ya usalama. Usalama ya nani, hakuna mwenye alituambia. Ilibakia internet ya waya tu, na waya ilikuwa inafika kwetu, juu zamani bwana yangu alipendaka kuangalia mupira na akaomba bamuletee ile waya ku nyumba. Vile njo modem yangu ikakuwa ya parcelle nzima, na salon yangu ikakuwa sawa kanisa: bantu banaingia, banaikala, banasikiliza habari ya kwabo.

Yule papa wa Kivu alikuwa na mama yake kule. Mama muzee, mujane, anaikala peke yake mu quartier moya ya pembeni ya mji, na vita ilikuwa inakaribia kila siku. Telephone ya kawaida haikukuwa inapita tena. Lakini kule kulikuwa bamasista na antenne yabo na groupe, machine yabo ya kuleta umeme, na kila siku ya ine ya juma, nyuma ya saa sita, balikuwa banaruhusu bantu kuita jamaa yabo. Kila muntu na zamu yake. Mama yake zamu yake ilikuwa saa tisa ya muchana. Ule muzee anatembea na miguu toka kwake paka kwa bamasista, saa moya nzima, juu ya kusikia sauti ya mutoto yake dakika chache.

Yeye alikuwa anataka mama yake atoke. Rafiki yake mwenye lori alikuwa tayari kumubeba mu njia yenye ilikuwa ingali wazi. Alimuandikia barua, akaituma kwa bamasista, bamasista bakamusomea. Muzee akakataa. Alisema: "Karatasi inaandikwa na kila mukono." Na hakuwa anasema bure. Mu vita ingine, zamani, bantu balileta karatasi yenye ilisema bwana yake anaita jamaa ku barabara. Bwana yake hakuwa ameandika kitu. Bale balienda, habakurudi, na bwana yake mwenyewe alikufia kule akienda kubatafuta. Tangu siku ile, muzee anaamini sauti tu. "Mutoto yangu wa kwanza aniambie na kinywa yake. Akisema toka, nitatoka saa ile ile."

Juma moya mbele ya ile siku ninaielezea, zamu yao ilifika. Miye nilikuwa kando, nachambua maharagi. Nikasikia muzee anauliza, sauti inakatika-katika: "Mwanangu, nikae ao nitoke?" Papa akasimama: "Toka, Mama! Toka!" Na modem ikakata. Taa zake zikazimika, zikawaka tena nyuma ya dakika tano, na pale yote ilirudi, muntu mwingine alikuwa amekamata zamu. Sista akatuandikia: mama hakusikia jibu, ameenda, atarudi siku ya ine yenye inakuya. Ule mwanaume aliikala na kichwa mu mikono. Hakulia. Miye njo nililia, na kisha ya kulia nikakasirika.

Kesho yake njo nilienda kupiga ile meza.

Fundi wa ku bureau alikuwa mwanamuke wa miaka kama makumi tatu, na miwani yenye mukono moya ilifungwa na uzi. Aliokota bic zake, akaangalia mu ordinateur, computer yake, akaniambia polepole: "Mama, modem yenu haiko na ugonjwa. Programme ya ndani njo imekuwa ya zamani sana, haisikilizane tena na machine zetu za huku. Inaomba mise à jour, tuiwekee programme mupya."

"Basi nipe, niipeleke nyumbani."

Akacheka kidogo. "Haibebwe mu kitunga, Mama. Muntu hawezi kuifanya kwake mwenyewe. Siye njo tunaituma toka huku, inapita mu waya, inaingia mu modem. Dakika makumi mbili hivi."

"Basi tuma."

"Mama, tungoje juma mbili. Siku hizi courant iko mubaya sana, na modem ikizimika katikati ya ile kazi, inakufa. Haiamuke tena. Na tangu barabara ilifungwa hatuna modem ingine hata moya ya kuwapa."

Angalia vile alinieleza muzuri. Mutoto wa bantu, na heshima, na akili. Na miye nikamuona sawa muvivu mwenye anatafuta kisingizio. Nikapiga meza mara ya pili. Nikasema kuko mama muzee mwenye atakufa juu ya uvivu yabo, nikasema nitarudi na parcelle nzima, nikasema maneno mengine yenye sitaandika hapa. Akaandika: siku ya tatu, asubuyi. Siku moya mbele ya zamu ya muzee.

Nikiwa nimekwisha kugeuka ku mulango, akaniita. "Mama, sikia. Pale itaanza, taa zitacheza zote. Usishituke. Usichomole. Na kama siku ya tatu courant haiko kwenu, kazi itangojea huku kwetu. Saa yenye modem itawaka na kusimama muzuri, itaingia yenyewe."

Nikajibu "ndiyo, ndiyo", vile tunajibu padri pale mahubiri yanakawia. Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

Siku ya tatu, courant hakuna. Tangu asubuyi paka tunalala, hakuna. Nikatukana bale ba courant, nikasema basi, ile mise à jour imekufa, tutaona juma ingine. Mu kichwa yangu niliifunga na nikaisahabu.

Siku ya ine courant ikarudi karibu na saa sita ya muchana. Tuliiacha kwanza itulie, vile sheria yangu inasema. Saa nane na nusu nikaweka modem mu prise. Taa ine za kijani zikawaka, zikasimama. Nilifurahi. Papa wa Kivu alikuwa amekwisha kuoga, amevaa shemizi nyeupe, ameikala mu kiti ya bwana yangu na telephone ku magoti. Harufu ya samaki, hata kidogo. Nikamuambia: "Leo njo uko sawa muntu." Alicheka na meno ya mbele tu, roho yake haikuwa pale.

Dakika chache mbele ya saa tisa akakumbuka karatasi. Alikuwa ameandika bintu byote bya kuambia muzee, juu asisahabu: jina ya mwenye lori, fasi ya kungojea, saa ya kuondoka. Lori ilikuwa inaondoka kesho yake, mapema. "Nakuya, Mama. Angalia telephone." Akatoka mbio kwenda ku chumba yake, kule mwisho ya parcelle.

Miye nilikuwa mu mulango ya jiko, mikono iko na unga ya bukari, ile ugali yetu. Nikaangalia modem. Taa zilikuwa zinacheza. Moya inazimika, ingine inawaka, zote zinapepesa pamoya, kisha zinaanza tena.

Sikufikiri. Ningependa niseme nilifikiri, lakini ingekuwa uongo, na uongo nimekwisha kusema ya kutosha. Mukono ilifanya vile inafanyaka tangu myaka. Niliruka, nikachomola, na kinywa ikalia yenyewe: "Chomola! Chomola!" Kule nje nikasikia bantu banakimbia. Machine ya mushonaji ikanyamaza. Redio ya jirani ikanyamaza. Parcelle nzima ikanyamaza juu yangu.

Kisha nikainua macho. Ampule ya salon, ile taa ya courant, ilikuwa inawaka juu ya kichwa yangu. Imetulia, haitetemeke hata kidogo.

Yo, mama yangu! Maneno ya fundi ikanirudilia yote, moya-moya, na sauti yake na miwani yake. Nikarudisha modem mu prise mbio-mbio, unga ikabakia ku waya. Taa moya ikawaka, nyekundu. Nikangojea zingine. Hazikuya. Nikachomola tena, nikarudisha tena. Nyekundu, moya tu, imesimama.

Akaingia, karatasi ku mukono, pumzi imekatika. "Mama, kuko nini? Ni courant?"

Pale njo nilipaswa kusema. Maneno haikukuwa mingi: papa, nimeharibu modem, imekufa, kimbia ku ville. Ku ville, katikati ya mji, kulikuwa ma cyber, maduka ya internet, yenye ilikuwa inatumika na internet ya waya. Pikipiki zilikuwa zinasimama ku kona yetu, muchana kweupe. Nilijua yote ile. Na kinywa yangu, hii kinywa yenye haijawahi kukosa neno tangu nilizaliwa, ikasema: "Si kitu. Ni ile mise à jour. Fundi alisema tungojee kidogo, itarudi."

Fundi hakusema vile. Fundi alisema usichomole.

Munaniuliza juu ya nini nilidanganya? Juu ya aibu, basi. Miye mwenye nilipiga meza ya bantu. Miye mwenye nililazimisha ile kazi ifanyike. Miye mwenye kila siku nafundisha bengine mambo ya courant. Niseme miye njo nimeharibu, mbele ya muntu ananiita Mama? Nilijiambia labda itaamuka. Nilijiambia dakika tano tu. Nilikuwa najua haitaamuka, na bado nilijiambia.

Akaikala. Tukaangalia taa nyekundu. Saa tisa ikapiga. Akauliza: "Mama, itarudi kweli?" Nikasema: "Itarudi. Si nilikuambia?" Dakika kumi zikapita. Akasimama, akaikala, akafungua karatasi, akaifunga. Akauliza tena, na wakati ile nikamukalipia. Namukalipia, miye! "Weye unaniuliza sawa vile miye njo natengenezaka modem! Tulia!" Akaomba msamaha. Mutoto wa bantu akaniomba msamaha, na nikaupokea.

Mushonaji akapita mu mulango akauliza kama banaweza kurudisha bintu mu prise. Nikamuambia barudishe, courant imetulia. Papa aliangalia mushonaji, kisha akaniangalia miye.

Nyuma ya nusu saa akaamuka. "Mama, naenda ku cyber." Nikasema: "Ee, jaribu na kule," sawa vile ilikuwa wazo ndogo tu. Nikamusikia anaita pikipiki. Siku ile basoda balikuwa bamefunga njia moya, akazungukia mbali.

Alirudi jua iko inashuka. Shemizi nyeupe ilikuwa na vumbi. Nilimuwekea bukari na mboga, hakugusa. "Amekwisha kurudi kwake," akasema. "Alitoka mbele miye nifike." Nikamuuliza kama sista hawezi kutuma muntu amufuate. Akasema njia ya kwenda ku quartier ya mama imefungwa mara tu nyuma ya muzee kupita, hakuna mwenye anapita. Akaingia mu chumba yake, akafunga mulango.

Kesho yake tukapeleka modem ku bureau, mu mufuko. Fundi aliichomeka kwake, akaangalia ordinateur, akaangalia tena. "Iko imekufa. Kazi ilikatika ku nusu." Akainua macho. "Kuko muntu alichomola?"

Papa wa Kivu alikuwa amesimama kando yangu. Bantu bengine bawili balikuwa ku foleni.

Nikasema: "Nani angechomola? Ni courant. Nilikuambia na nilikuambia tena, muko munafanya kazi mubaya!"

Fundi aliniangalia muda murefu nyuma ya ile miwani ya uzi. Akaandika ku karatasi yake "courant", akasema pole. Mukubwa wake akatoka mu chumba ya nyuma, juu ya kelele yangu, na akamukaripia mbele yetu bote: juu ya nini alituma ile kazi mu siku mubaya? Yeye akainamisha kichwa. Hakusema ni huyu mama njo alinilazimisha. Na miye nilikamata mufuko yangu, nikatoka. Mbele hata ya modem mupya kufika, fundi alikuwa ametoka ku ile kazi. Nilisikia ameenda kwa jamaa yake ku Lukafu, kulima. Sijui kama balimufukuza ao alichoka mwenyewe. Sikuuliza, juu niliogopa jibu.

Lori iliondoka ile siku ya tano, bila muzee. Siku iliyofuata bomu zikaanguka ku quartier ya muzee.

Juma nzima hatukujua kitu. Siku ya ine akaenda ku cyber tangu asubuyi, akashinda kule, na sista njo alimupasha habari. Nyumba ilianguka upande moya. Muzee balimukuta ameikala karibu na mulango, na kando yake nguo zake zimefungwa mu kitenge, na sufuria moya, na picha ya bwana yake. Alikuwa amekwisha kufunga bintu yake yote. Kumbe alikuwa tayari. Alikuwa anangojea neno moya tu.

Kilio tulikifanya mu parcelle yangu. Nilitosha biti byote, nilifunga bâche ya kivuli, niliita bamama ba kanisa, nilipika mu sufuria zenye zinapikaka harusi. Bantu ya Kivu balijaa, wafanya biashara bakubwa, wenye malori, balikuwa banaimba nyimbo za kwabo paka jua inashuka. Siku ya tatu ya kilio papa akasimama mbele ya bote, akanishika bega, akasema: "Mama yangu amekwenda. Lakini muone, Mungu aliniachia huyu." Na bantu bakapiga makofi polepole, vile tunapigaka mu kilio. Niliinamisha kichwa. Balisema huyu mama ana uchungu kweli, angalia vile analia. Kweli nilikuwa nalia, lakini si ya vile balikuwa banafikiri.

Wazee banasema majuto ni mujukuu. Kwangu haikungojea kuwa mujukuu, ilizaliwa siku ile ile, na kila asubuyi inaamuka mbele yangu. Mara ngapi nilifungua kinywa? Siku ya Pasaka nilijaribu. Siku nilikuwa na malaria, na yeye njo alinipeleka ku hospitali, nilijaribu. Kila mara napata kisingizio: ameanza kucheka tena, juu ya nini nimurudishe mu kilio? Nilijifanya namuhurumia. Nilikuwa nahurumia jina yangu.

Myaka ine ikapita vile. Vita haikuisha, lakini internet ya telephone ilirudi, modem mupya ilifika, bantu bakazoea. Yeye alijenga nyumba yake, akapata muchumba, akaniambia mwisho ya mwezi atahama. Siku ya kuhama, pale bantu banapakiza bintu yake mu gari, alikuya kuniaga ku baraza. Aliniletea samaki ya Pweto, kitunga nzima, na kitenge. Na nikaona kama akitoka na ile neno haijasemwa, nitaenda nayo mu kaburi.

"Papa, ikala. Niko na neno."

Akaikala.

"Ile siku ya mama yako. Haikukuwa courant. Haikukuwa bale ba bureau. Miye njo nilichomola modem."

Yeye aliangalia kule gari, bantu balikuwa banafunga kamba ku meza yake.

"Najua, Mama," akasema.

"Unajua?"

"Tangu siku ile. Sauti yako ilifika paka ku chumba yangu: chomola, chomola. Nikakimbia. Niliingia mu salon na ampule ilikuwa inawaka."

Myaka ine! Myaka ine alikuwa anakula ku meza yangu, ananiita Mama, anajua. Nililia sasa, na sauti, sikujali bantu ya gari. Nikamuambia anisamehe.

"Kuchomola, Mama, ile si kitu," akasema. "Hata mama yangu angechomola. Kwetu courant inachomaka bintu vilevile. Ile nilikusamehe mbele hata ya kuikala ku kiti."

Nikashukuru Mungu, nikanyoosha mukono nimushike. Lakini hakuwa amemaliza.

"Sista aliniambia kintu kimoya, sikukuambia. Mama alingojea paka karibu na saa kumi. Banamuambia, nenda, zamu yako ilipita, anasema hapana, mutoto yangu anakuya. Bakamuachia kiti, akangojea." Alikuwa anasema polepole, anaangalia mikono yake. "Na saa ile miye niko naangalia taa nyekundu, na weye uko unaniangalia. Toka hapa paka ku ville na pikipiki ni dakika makumi mbili, Mama."

Kisha akaamuka, akaenda kusaidia bale balikuwa banapakiza kitanda yake.